Maiki ya kutengeneza nyumbani: kapsuli ya elektreti inashinda, ila si kwa kila kazi

Anayetaka kuunda maiki kwa vitu vya nyumbani ana njia tano za kweli: kiini cha penseli juu ya nyembe, spika iliyogeuzwa kazi, sahani ya piezo, koili yenye sumaku, na kapsuli ya elektreti. Zote tano hutoa sauti, lakini kila moja ina kazi yake. Maelekezo mengi yanayosambaa huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja, na matokeo yake mtu anaunda ya penseli akitegemea kurekodi kaswida, anasikia mikwaruzo mitupu, na kifaa kinaishia kwenye droo.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa sauti ya mtu, iwe ni mahojiano, mahubiri, usomaji au kuimba, tumia kapsuli ya elektreti, usihangaike na nyingine. Kwa ala ya muziki yenye mbao au ngozi, tumia piezo. Kwa ala yenye nyuzi au vijiti vya chuma, koili na sumaku. Spika iliyogeuzwa inafaa kwa ngoma nzito na kwa intakomu ya mlangoni. Ya penseli inafaa kumfundishia mtoto wa shule, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana.

Kapsuli ya elektreti

Ni kipande cha duara chenye ganda la alumini, kipenyo kwa kawaida milimita 9.7, mbele kimefunikwa kitambaa cheusi, nyuma kina vituo viwili vya kulehemu. Ndani yake kuna utando mwembamba na bamba dogo nyuma yake, na kimojawapo kimeshikizwa chaji ya umeme isiyotoka kwa miaka mingi. Sauti ikiusukuma utando, nafasi kati ya viwili hivyo hubadilika, na volti hubadilika nayo. Gerhard Sessler na James West waliubuni mpango huu katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962. Tangu hapo umeingia kwenye redio kaseti za kurekodi, simu za mezani, midoli inayosema na waya za kusikilizia simu. Ndiyo maana kapsuli nzima huweza kupatikana ndani ya kifaa kibovu kilichoko tayari nyumbani. Angalizo moja: simu janja za sasa zina maiki ya aina nyingine, kijisanduku cha mraba chenye tundu la sindano, kilichobandikwa kwa mashine juu ya bodi. Hicho hakifai kulehemiwa kwa mkono, kiache.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ndani ya kapsuli mna transista, yaani kijipande kinachokuza ishara ya sauti, na transista haifanyi kazi bila umeme. Inahitaji volti 1.5 hadi 10, nayo hutumia chini ya nusu milliampia. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya kama ulivyozoea maiki ya kushika mkononi, utapata kimya, na utaidhania imekufa.

Pili, ina chanya na hasi. Igeuze uangalie nyuma: kituo kimoja kina vinjia vidogo vya shaba vinavyokwenda kugusa ganda. Hicho ni hasi. Kama macho hayaoni, weka multimita (kipima umeme) kwenye kupima mguso wa waya, ncha moja kwenye ganda, nyingine kwenye kituo; kinacholia ni hasi. Ukizigeuza, sauti itatoka hafifu sana au isitoke kabisa, pamoja na mchemko mkubwa.

Njia rahisi kuliko zote ni kuiunganisha na simu, kwa sababu simu yenyewe hutoa umeme wa maiki. Unahitaji pini ya 3.5 mm yenye sehemu nne, yaani ncha, pete mbili, na shina. Kwenye simu nyingi za sasa, ncha ni spika ya kushoto, pete ya kwanza ni spika ya kulia, pete ya pili ni hasi, na shina ni maiki. Lehemu chanya ya kapsuli kwenye shina, hasi kwenye pete ya pili, basi. Hakuna betri wala rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme). Baadhi ya simu za zamani hubadilisha nafasi ya shina na pete ya pili, kwa hiyo ukisikia kimya kwenye simu moja na sauti kwenye nyingine, sababu ni hiyo. Simu isiyo na tundu la 3.5 mm inahitaji kiunganishi cha USB-C chenye njia ya maiki. Hakikisha kabla ya kulipa, kwani vingine vina njia ya kusikilizia tu.

Kabla ya kurekodi, fungua programu ya kurekodi sauti na ukwangue ganda la kapsuli kwa ukucha. Kama mkwaruzo hauonekani kwenye mistari ya sauti, simu bado inatumia maiki yake ya ndani. Kamera za baadhi ya simu hufanya hivyo hata pini ikiwa imechomekwa, na programu nyingine ya kurekodi ndiyo dawa.

Kwenye kompyuta ya mezani yenye tundu la waridi mpango ni mwingine kidogo: pini ina sehemu tatu, ncha hupokea sauti, pete hutoa umeme, shina ni hasi. Unganisha ncha na pete pamoja, uzipeleke kwenye chanya ya kapsuli.

Kwa amplifaya, mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), au kifaa chochote kisichotoa umeme, utaijengea chanzo chake mwenyewe. Vifaa ni hivi: betri mbili za AA kwenye kishikio, yaani volti 3, rezista moja ya kilo-omu 2.2, kapasita moja ya maikrofaradi 10 ya volti 16, na swichi. Chanya ya betri inapita kwenye swichi, kisha kwenye rezista, kisha inafika chanya ya kapsuli. Hasi ya betri inaungana na hasi ya kapsuli na shina la pini. Sauti unaichukua pale rezista inapokutana na kapsuli, kupitia kapasita hadi ncha ya pini, upande wake wa chanya ukitazama kapsuli. Kazi ya kapasita ni kuzuia umeme wa betri usiingie kwenye amplifaya huku ikiruhusu sauti ipite. Usiweke ndogo kuliko inavyotakiwa: ya maikrofaradi 1 ikikutana na tundu lenye ukinzani wa kilo-omu 2 hukata sauti zote zilizo chini ya hezi 80 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), ilhali ya 10 hushuka hadi hezi 8. Sauti nene ya mwanamume huhitaji hiyo nafasi.

Ukimaliza, pima volti kati ya chanya na hasi ya kapsuli. Kwa betri mpya unatakiwa kuona kati ya 1.9 na 2.6. Ukiona 3 kamili, kapsuli haijaunganishwa au imekatika ndani. Ukiona sifuri, kuna mguso wa waya mbili mahali fulani, na mara nyingi ni tone la risasi lililovuka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Betri zitadumu miezi mingi, kwani matumizi ni madogo mno. Hata hivyo weka swichi.

Wapo wanaotaka kutumia chaja ya simu badala ya betri. Inawezekana, lakini chaja huja na kelele zake, mlio mwembamba unaosikika nyuma ya maneno. Tanguliza rezista ya kilo-omu 1 kwenye njia ya chanya, kisha kapasita ya maikrofaradi 100 kutoka hapo kwenda hasi, ndipo uende kwenye ile rezista ya 2.2. Kelele hupungua sana. Hata hivyo betri bado ni safi zaidi, na kwa kazi ya kurekodi tunapendekeza betri.

Mikisa za kanisani, msikitini na ukumbini zina kitufe cha volti 48, kinachopeleka umeme kwenye maiki kupitia waya. Kapsuli hii hubeba 10 tu. Kama saketi yako ya betri inakwenda kwenye tundu la XLR (lile la duara la pini tatu), hakikisha kitufe hicho kimezimwa. Kama huna mamlaka nacho, weka kapasita ya volti 63 badala ya 16 na uhakikishe chanya yake inatazama mikisa, kwa kuwa hapo ndipo volti kubwa ilipo.

Lehemu, waya na ganda

Hapa ndipo maiki nyingi za nyumbani hufa, na kosa huwekwa kwa kapsuli bure. Utando ule na chaji yake havipendi joto. Gusa kituo kwa pasi ya kulehemu sekunde mbili, tatu kwa kuzidi. Kwanza paka risasi kwenye ncha ya waya, kisha gusisha kwenye risasi iliyoko tayari kwenye kituo. Itayeyuka na kushika papo hapo. Anayeanza na anunue kapsuli yenye miguu ya waya, ili joto lisifike ndani. Kapsuli iliyoungua haifi kabisa, na hilo ndilo linalowapoteza watu: inatoa sauti, lakini ya chini na yenye mchemko, na mtu anatafuta tatizo kwenye betri.

Waya uwe wa ngao, yaani wenye uzi wa katikati na wavu wa shaba unaouzunguka. Usinunue. Waya wa AV uliokuja na king'amuzi au deki, ule wa nyekundu, nyeupe na njano, una ngao tayari. Kata mmoja utumie. Wavu ni hasi, uzi wa katikati ni chanya. Waya wa kawaida wa taa hupokea mvumo wa umeme wa ukutani wa hezi 50, ule mngurumo unaosikika chini ya kila rekodi mbaya. Kama mvumo upo hata kwa waya wa ngao, shika ganda la kapsuli kwa kidole. Ukipungua, ngao haijafika kwenye ganda. Ukiongezeka, chanya na hasi zimepishana.

Ganda la maiki linaweza kuwa mwili wa kalamu nene ya maka, bomba la umeme la milimita 20, au kichupa cha dawa. Kama ni plastiki, lizungushie foili ya jikoni kwa ndani na uiunganishe na hasi. Alumini haishiki risasi, kwa hiyo menya waya sentimita tano, uulaze juu ya foili, kisha ubane kwa selotepu. Kapsuli yenyewe isiguse ganda moja kwa moja. Ivishe pete ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, la sivyo kila kidole kinachosogea juu ya bomba kitarekodiwa.

Kosa moja la ganda linaharibu sauti kuliko mengine yote: kuizamisha kapsuli ndani ya bomba ili ipendeze. Bomba lililofungwa upande mmoja lina mlio wake. Ukiizamisha sentimita 5, mlio huo huja karibu na hezi 1,700, katikati kabisa ya usemi, na msemaji atasikika kama yuko ndani ya mtungi. Kapsuli iwe sawasawa na mdomo wa bomba, au itokeze kidogo.

Mbele yake weka sponji ya unene wa sentimita moja, ile ya godoro inatosha. Hiyo huzuia mpumuo wa herufi p na b. Bado, usiseme kwa kuielekea moja kwa moja. Iweke pembeni kidogo ya mdomo, sentimita 15 hivi. Kapsuli nyingi za bei nafuu husikia pande zote sawa, kwa hiyo feni, kuku wa jirani na mwangwi wa ukuta vyote vitaingia. Dawa ya kwanza ni kusogea: kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako hupanda desibeli 6 huku ya chumba ikibaki ilipo. Dawa ya pili ni kitambaa. Blanketi lililotundikwa nyuma ya msemaji hufanya kazi kubwa kuliko kubadilisha kapsuli. Zipo kapsuli zenye matundu nyuma, ambazo husikia zaidi upande wa mbele. Ukizinunua, usizibe matundu hayo kwa gundi, maana ukiziba zinakuwa sawa na zile nyingine.

Mapungufu yapo. Kapsuli hii ina mchemko wake wa ndani, na ukiiweka mbali kurekodi sauti ndogo, kama ndege wa alfajiri au mtu anayenong'ona, utausikia. Pwani, unyevunyevu na chumvi hula vituo vya nyuma. Tone la rangi ya kucha juu ya lehemu huvikinga, ila lisiingie kwenye kitambaa cha mbele. Pia hailipendi zumari lililo karibu wala ngoma kubwa, kwani transista hufika mwisho wake na sauti hupasuka. Kuongeza betri hadi volti 9, kwa rezista ya kilo-omu 10, husaidia kiasi.

Kwa jumla, hakuna njia nyingine ya nyumbani inayoikaribia kwa usemi. Ikiwekwa vizuri inatoa sauti ya kuweza kutangazwa redioni.

Sahani ya piezo

Hii ni sahani ya shaba nyeupe au njano, mara nyingi ya milimita 27, yenye duara jeupe la kauri katikati. Iko ndani ya saa za kengele, kadi za salamu zinazoimba, na midoli. Jacques na Pierre Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme, na sahani hii ni matunda yake ya bei ndogo. Haisikii hewa, inasikia mtikisiko wa kitu ilichobandikwa. Kwa sababu hiyo inafaa kwa gitaa, udi, zeze, marimba na ngoma, na haifai kabisa kuwekwa mbele ya mdomo. Ukiibandika kwenye kifuniko cha kopo na kusemea, utapata sauti nyembamba ya simu ya zamani, ambayo inaweza kupendeza kwenye mchezo wa redio na kwingine isipendeze.

Malalamiko ya kawaida kuhusu piezo ni kwamba inatoa sauti nyembamba, kali, isiyo na besi. Kosa si la sahani, bali la tundu inakochomekwa. Sahani ya milimita 27 ina uwezo wa kuhifadhi chaji, kama kapasita, wa takriban nanofaradi 20. Ikikutana na tundu la maiki la kompyuta lenye kilo-omu 2, hupoteza kila kitu kilicho chini ya hezi 4,000. Yaani karibu muziki wote unatoweka na kubaki mikwaruzo. Tundu la kilo-omu 10 hupoteza chini ya hezi 800. IC ya LM386, chipu ya kukuza sauti inayopendwa na wanafunzi, ina kilo-omu 50, hupoteza chini ya hezi 160. Ikikutana na mega-omu 1, inashuka hadi hezi 8, na besi inarudi yote. Amplifaya ya gitaa ina mega-omu 1 tayari, kwa hiyo piezo ikichomekwa humo inasikika vizuri bila nyongeza yoyote.

Asiye na amplifaya ya gitaa ajenge hatua ndogo ya kati. FET moja ya 2N3819 (aina ya transista yenye miguu mitatu: geti, sosi na dreni), rezista ya mega-omu 1 kutoka geti kwenda hasi, rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka sosi kwenda hasi, dreni kwenye chanya ya betri ya volti 9, na sauti itoke kwenye sosi kupitia kapasita ya maikrofaradi 10. Piezo inakwenda kati ya geti na hasi. Rezista ile ya mega-omu 1 ina kazi ya pili: ukigonga piezo kwa nguvu inaweza kutoa makumi ya volti, na rezista huipa njia ya kutokea. Kagua mpangilio wa miguu ya FET kwenye karatasi ya mtengenezaji wake, kwani hutofautiana kwa kampuni.

Kulehemu kwenye shaba ni rahisi, kwenye kauri ni hatari. Mipako ya fedha iliyo juu ya kauri hubanduka ukichelewa sekunde chache. Nunua iliyokwisha kulehemiwa waya mwekundu na mweusi, kisha ongeza waya wa ngao kwenye ncha za hizo. Epuka vile vipaza-mlio vyeusi vya plastiki vinavyolia peke yake ukivipa umeme. Ndani vina saketi ya kujiliza, navyo havifai.

Ibandike upande wa shaba ukitazama mbao, kwa gundi nyembamba kavu au tepe nyembamba ya pande mbili. Tepe nene ya sponji ni kosa, inameza mtikisiko wenyewe. Kwenye gitaa na udi, anzia ndani, chini ya daraja la nyuzi, upande wa nyuzi nene. Sentimita mbili hubadilisha sauti kabisa, kwa hiyo jaribu kwanza kwa tepe, kisha ndipo utie gundi. Ikiwa inapiga kelele ya kujirudia jukwaani, spika iko karibu mno au piezo imekaa katikati ya ubao unapotikisika zaidi, isogeze ukingoni.

Ukiipaka sahani tabaka tatu za rangi ya kucha pande zote, pamoja na mahali waya zinapoingia, ukiacha kila tabaka likauke, unaweza kuizamisha ndani ya maji na kusikia mvua juu ya bwawa kutoka chini. Kwa watengeneza filamu na watangazaji wa watoto hilo ni hazina, na maiki za kununuliwa za kazi hiyo ni ghali.

Koili na sumaku

Hapa hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Mawangu Mingiedi miaka ya 1960, ilipiga likembe za umeme ambazo maiki zake ziliundwa kwa sumaku za vipuri chakavu vya magari. Sauti ile nene yenye mkwaruzo, iliyowapeleka hadi majukwaa ya Ulaya na Marekani, ilitokana na maiki hizo na spika za matangazo walizozitumia. Walitaka ala ndogo ya vijiti vya chuma isikike katikati ya mtaa wenye magari, na wakafanikiwa.

Namna yake: chuma kinachotikisika mbele ya sumaku yenye koili huzalisha umeme kwenye koili. Njia fupi ni kuvunja rilei chakavu (swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme), kutoa koili yake yenye kiini cha chuma, na kubandika sumaku ndogo nyuma ya kiini. Nyaya za koili ni nyembamba kuliko unywele, usizivute. Fanya kazi kwenye miguu yake ya asili. Weka uso wa kiini milimita 3 hivi kutoka kwenye vijiti au nyuzi. Ikikaribia sana, sumaku huvuta chuma na sauti hupotoka. Nyuzi za nailoni za udi hazitasikika hata kidogo, na hilo si ubovu. Kasoro kubwa ni mvumo, kwa sababu koili hupokea sumaku ya transfoma yoyote iliyo karibu; geuza ala digrii tisini uusikie ukipungua.

Spika na penseli

Spika ni koili na sumaku tayari, imefungwa kwenye koni. Ya omu 8 ikichomekwa kwenye tundu la maiki hutoa sauti hafifu. Transfoma ndogo ya kutolea sauti kutoka redio ya zamani, ya omu 8 kwa kilo-omu 1, ikitumiwa kinyume, huzidisha volti mara 11. Usiichomeke moja kwa moja kwenye simu: simu hudhani mtu amebonyeza kitufe cha kupokea, kwa kuwa omu 8 ni karibu na mguso mtupu. Koni ni nzito, kwa hiyo herufi s na sh hufifia na usemi huwa na ukungu. Mbele ya ngoma kubwa, hata hivyo, uzito huo ni faida. Hedifoni za omu 32, zenye utando mwepesi, husema vizuri zaidi, na kwenye tundu la maiki la kompyuta hufanya kazi bila kukatwa waya.

Ya penseli ni rahisi kueleza. Nyembe mbili zikichomekwa sambamba juu ya kiberiti, kiini cha penseli laini ya B kikilazwa juu yake bila kufungwa, betri ya 1.5 na hedifoni zikiunganishwa kwa mfululizo. Sauti hutikisa mguso, ukinzani hubadilika, umeme hubadilika. David Edward Hughes alionyesha jambo hili London mwaka 1878, kwa misumari mitatu, wala hakuchukua hataza. Ikikwaruza tu, kiini kina rangi au nta juu yake, kikwangue. Ikiwa kimya, kimelala kizito mno, kifupishe. Penseli ngumu za H zina udongo mwingi, hazifai. Fito ya kaboni kutoka betri kuukuu ya tochi ni bora zaidi, mradi betri ni ile ya kawaida ya zinki na si alikali, ambayo ndani ina kemikali ya kuunguza ngozi. Katika darasa la fizikia hakuna kifaa kinachoonyesha kazi ya maiki waziwazi kama hiki. Usikiunganishe na simu wala kompyuta betri ikiwa ndani.

Ununuzi

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi utapata kapsuli, piezo na rezista, na fundi redio wa mtaani huwa nazo kwenye kopo la vipuri. Omba kapsuli yenye miguu, ya milimita 9.7, uchukue tatu, kwani moja itaungua kwenye mazoezi ya kulehemu na bei ni ndogo. Ziangalie kitambaa cha mbele: kikiwa kimebonyea, utando unaweza kuwa umeguswa. Piezo chukua ya milimita 27 iliyokwisha kulehemiwa; ya 20 ina besi kidogo, ya 35 ni nzuri kwa ngoma lakini hupasuka ukiibandika kwenye uso uliopinda. Pini ya sehemu nne ya chuma ina thamani ya nyongeza ya bei yake, maana ile ya plastiki huyeyuka unapolehemu na sehemu zake hugusana kabla hujamaliza.